M-Pesa kabla ya kutuma pesa: uchambuzi wa uamuzi mmoja wa biashara

Wengi tuliijua M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu ya kampuni ya Safaricom nchini Kenya, ikiwa imeshakomaa: unaweka, unatuma, unatoa. Kwa hiyo ni rahisi kudhani wazo hilo lilikuwepo tangu siku ya kwanza. Halikuwepo. Mradi ulipoanza lengo lake lilikuwa kurahisisha marejesho ya mikopo midogo, na ulikuwa na fedha, washirika na mpango kazi wa jambo hilo hasa. Kinachostahili kuchambuliwa ni miezi michache kati ya mwisho wa majaribio mwaka 2006 na uzinduzi wa tarehe 6 Machi 2007, wakati waendeshaji wake walipoamua kipi kiachwe, kipi kibaki, na huduma ifike wapi siku ya kwanza.

Hoja yetu ni hii: uamuzi uliobeba mradi haukuwa wa teknolojia. Ulikuwa uamuzi wa kuibana huduma kwa kazi na kuitanua kwa eneo, vyote kwa pamoja. Kampuni nyingi hufanya kinyume chake. Hubuni bidhaa yenye kazi kumi, kisha huijaribu katika mtaa mmoja, na ikikwama hazijui ni ipi kati ya zile kumi iliyoizamisha.

Mradi ulivyoanza

Nick Hughes wa Vodafone, kampuni ya simu ya Uingereza, aliomba fedha kutoka mfuko wa ushindani wa DFID, iliyokuwa idara ya maendeleo ya kimataifa ya serikali ya nchi hiyo. Mfuko ulitoa karibu pauni milioni 1 na Vodafone ikachangia kiasi kinacholingana nacho. Mwenzake Susie Lonie akaenda Nairobi kusimamia kazi. Safaricom, ambayo Vodafone ilikuwa mbia wake, ilitoa mtandao na maduka. Faulu Kenya, taasisi ya mikopo midogo, ilileta wakopaji. Commercial Bank of Africa ikatunza fedha.

Tatizo walilolilenga lilikuwa la kweli. Wakopaji wa Faulu walikuwa kwenye vikundi. Kikundi hukutana, kila mmoja hutoa rejesho lake taslimu, fedha huhesabiwa, halafu mtu hutembea nazo hadi benki. Gharama zake zinaonekana kwa macho: nusu siku ya biashara imepotea, kuna hatari ya kuporwa njiani, na hesabu zikigongana kikundi kizima kinabaki kikilaumiana. Kama mkopaji angeweza kulipa kwa simu akiwa kibandani kwake, Faulu ingehudumia watu wengi zaidi kwa wafanyakazi walewale.

Majaribio yalianza Oktoba 2005 katika maeneo ya Nairobi na Thika. Washiriki hawakufika 500, na maduka ya mawakala yalikuwa 8. Washiriki walipewa simu na laini yenye menyu ya huduma ndani yake.

Majaribio yalionyesha nini

Kwa kipimo cha mpango wa awali, matokeo yalikuwa ya kukatisha tamaa. Mfumo wa simu na mfumo wa hesabu wa Faulu haukuungana, hivyo kila rejesho lililolipwa kwa simu lilipaswa kuingizwa upya kwa mkono upande wa Faulu. Kazi iliongezeka badala ya kupungua. Jambo la pili lilikuwa zito zaidi: mkutano wa kikundi haukuwa wa kukusanya fedha tu. Hapo ndipo wanachama walipotazamana usoni, aliyechelewa akaulizwa, na dhamana ya kikundi ikapata nguvu. Mtu akishalipa kwa simu, ana sababu gani ya kuja kikaoni? Teknolojia iliondoa usumbufu, na ndani ya usumbufu huo mlikuwa na sehemu ya kinga ya mkopo.

Lakini kumbukumbu za miamala zilionyesha pia mambo ambayo hakuna aliyeyapanga. Wafanyabiashara walitumiana pesa za mzigo. Wengine waliweka pesa kwa wakala kabla ya safari na kuzitoa walikofika, ili wasisafiri na bunda mfukoni. Wengine waliweka mauzo ya siku jioni na kuyatoa asubuhi, yaani huduma ikawa sanduku la kulala nalo salama. Kulikuwa na walionunua muda wa maongezi kwa simu na kuwatumia jamaa zao mbali, na waliomlipia mwenzao rejesho la mkopo naye akawarudishia kwa njia nyingine.

Ukiyapanga matumizi hayo pamoja unaona kitu kimoja ndani ya yote: pesa inahama kutoka mtu hadi mtu, au kutoka mahali hadi mahali, bila aliyeibeba. Mkopo haumo.

Hapa ndipo timu nyingi hukosea. Matumizi yasiyopangwa huandikwa kwenye ripoti kama changamoto: washiriki hawakuelewa, mafunzo yaongezwe, menyu ifungwe wasifanye mambo mengine. Hiyo ni njia ya uhakika ya kuitupa taarifa pekee ya thamani ambayo majaribio yamekupa. Mtu anayelazimisha chombo chako kifanye kazi ambayo hukuikusudia anakuambia, kwa muda wake na pesa yake, shida yake iko wapi.

Tahadhari moja ni ya lazima. Watu wasiofika 500, waliopewa simu bure, hawawezi kukuambia soko ni kubwa kiasi gani. Kundi dogo hutoa ushahidi mzuri kuhusu aina za matumizi na ushahidi mbovu kuhusu wingi wake. Waliokuwa wakiamua mwaka 2006 walihitaji ushahidi mwingine kutoka nje ya majaribio, na Kenya ilikuwa nao tele. Walio mjini walikuwa wakituma pesa mashambani kwa mkono wa ndugu, kwa makondakta na kampuni za mabasi, na kwa hundi za posta. Watu walikuwa wameshaanza kugawiana muda wa maongezi kwa huduma ya Safaricom iitwayo Sambaza, na mpokeaji aliweza kuuza muda huo akapata fedha taslimu. Majaribio yalionyesha tabia. Stendi za mabasi zilionyesha ukubwa wake.

Njia zilizokuwepo

Kimantiki zilikuwepo njia tatu. Ya kwanza, kurekebisha bidhaa ya mkopo: kuunganisha mifumo, kufundisha vikundi, kuendelea. Mfadhili na mshirika wangeridhika. Ya pili, kuweka kila kitu sokoni: mkopo, marejesho, kutuma, kuweka akiba, kununua bidhaa. Ya tatu, kukata hadi mfupa: weka, tuma, toa, pamoja na kununua muda wa maongezi, basi.

Walichagua ya tatu. Kwa mtazamaji wa leo ni rahisi, lakini fikiria uzito wake wakati ule. Fedha za mfuko zilikuwa zimeombwa kwa hoja ya mikopo midogo. Mshirika aliyetoa wateja alikuwa anaachwa. Miaka ya kazi ilikuwa imeshaingia. Mtego wa kutetea kilichokwisha kutumika ungewanasa watu wengi wenye akili.

Kilichosaidia ni kwamba lengo la mfuko lilikuwa limeandikwa katika ngazi ya juu kuliko njia. Mfuko ulitaka huduma za fedha ziwafikie wasio na benki. Marejesho ya mkopo yalikuwa njia mojawapo. Njia ilipoanguka, lengo lilibaki limesimama na mradi haukuhitaji kuzaliwa upya. Tunalisisitiza hili kwa sababu ni jambo dogo la uandishi lenye matokeo makubwa: mradi ulioandikwa "kuwezesha marejesho ya mikopo kwa simu" ungekuwa umefeli, na ulioandikwa "kuwafikishia wasio na benki njia ya kuhamisha fedha" ulikuwa umejifunza.

Na mkopo haukuzikwa. Novemba 2012 Safaricom na Commercial Bank of Africa walizindua M-Shwari, akiba na mkopo ndani ya M-Pesa, wa siku 30 kwa ada ya asilimia 7.5. Safari hii kikundi hakikuhitajika. Mwenendo wa mteja kwenye simu ndio uliosaidia kuamua apewe kiasi gani, na mwenendo huo ulikuwepo kwa sababu miaka mitano watu walikuwa wametuma, wameweka na wametoa. Mkopo ulikuwa wazo sahihi lililokuja kabla ya msingi wake.

Bana kazi, tanua eneo

Ushauri wa kawaida wa biashara ni kuanza kidogo: mji mmoja, ukifaulu ongeza wa pili. Kwa mkate au sabuni ni ushauri mzuri. Kwa huduma ya kutuma pesa ni sumu. Mtumaji yuko Nairobi na mpokeaji yuko Kakamega au Machakos. Ukizindua Nairobi pekee umezindua nusu ya muamala, na nusu ya muamala haina thamani kwa yeyote. Matokeo yake yatakuwa mabaya, nawe utahitimisha kwamba watu hawataki huduma, kumbe ulipima kitu kingine.

Safaricom, chini ya mtendaji mkuu wake Michael Joseph, ilizindua nchi nzima kwa mara moja na mawakala katika makao makuu ya wilaya zote 69 za wakati ule. Ujumbe wa matangazo ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Hakukuwa na neno kuhusu benki wala mfumo wa malipo. Kaulimbiu hiyo iligusa wajibu ambao mtu wa mjini tayari anaubeba kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo haikuhitaji kumfundisha haja mpya.

Gharama ya kutanua namna hiyo ilivumilika kwa sababu kazi zilikuwa chache. Wakala wa Garissa na wa Kisii walifundishwa mambo yaleyale machache. Menyu ilikuwa kwenye laini yenyewe, hivyo ilifanya kazi kwenye simu ya bei ya chini bila intaneti. Upande wa pili wa uamuzi huo ni kwamba kilichowekwa kwenye laini ni kigumu kubadilisha baadaye, na hiyo ni sababu nyingine ya kukataa kuongeza vitu ambavyo hakuna hakika navyo.

Bei nayo ilibanwa. Kuweka pesa ilikuwa bure. Kutuma kwa mteja aliyesajiliwa ilikuwa shilingi 30 za Kenya, uwe unatuma 100 au 35,000, ambacho kilikuwa kiwango cha juu cha muamala mmoja. Kutoa kulianzia shilingi 25. Kutuma kwa asiyesajiliwa kulianzia shilingi 75, mpokeaji akitoa bila malipo.

Chukua mfano wa shilingi 1,000. Mpokeaji akiwa amesajiliwa, mtumaji analipa 30 na mpokeaji 25, jumla 55. Mpokeaji akiwa hajasajiliwa, mtumaji anabeba 75 peke yake. Tofauti ya jumla ni shilingi 20, lakini kwa mtumaji ni 45, zaidi ya maradufu. Unadhani simu inayofuata kwenda kijijini itasema nini? "Mama, nenda kwa wakala ukajisajili, ni bure." Bei ilifanya kazi ambayo ingegharimu matangazo mengi, na ilifanywa na mtu ambaye mpokeaji anamwamini. Na kwa kuwa 30 ni namba moja, hakuna aliyehitaji jedwali ukutani ili kuikumbuka.

Floti: mahali ambapo mfumo huu hufia

Sehemu inayosahaulika na wanaoiga kisa hiki ni wakala. Msomaji akikumbuka sehemu moja tu ya uchambuzi huu, iwe hii.

Wakala hashiki pesa za wateja kwa niaba ya kampuni. Huu ndio ustadi wenyewe. Wakala hununua kwanza salio la kielektroniki kwa fedha zake. Mteja anapoweka, wakala anapokea noti na kumpa mteja salio kutoka kwenye salio lake mwenyewe. Mteja anapotoa, mambo yanageuka. Kwa hiyo wakala akitoroka na droo, ametoroka na mtaji wake. Mteja naye hamtegemei wakala kwa neno lake, kwa sababu ujumbe mfupi wa uthibitisho unatoka kwenye mfumo kwenda kwenye simu yake. Juu yake kuna daftari: tarehe, namba ya muamala, kiasi, namba ya simu, kitambulisho, sahihi. Imani iliyohitajika kati ya watu wawili wasiojuana ilipunguzwa hadi kiwango kinachobebeka na duka la mtaani.

Lakini muundo huo unaleta tatizo lake: mtaji wa wakala una sura mbili, noti na salio, na muda wowote moja inaweza kuisha. Mtaji huo wa kuendeshea huduma huitwa floti, na wakala alitakiwa kuanza na floti ya shilingi 100,000. Tufanye hesabu ya kukadiria.

Wakala wa mjini hupata zaidi wanaoweka. Akiwa na salio la 100,000 na kila mteja akiweka wastani wa 3,000, baada ya wateja 33 salio limekwisha. Wa 34 anageuzwa, ingawa droo imejaa noti. Wakala wa kijijini hupata zaidi wanaotoa. Noti 100,000 kwa wastani wa 2,500 ni wateja 40. Wa 41, huenda ni bibi aliyetembea kilomita nane, anaambiwa hakuna pesa.

Sasa mapato. Tuseme kamisheni ya wakala kwa muamala wa namna hiyo ni shilingi 15. Wateja 40 wanampa 600. Ili aendelee lazima aende benki. Nauli ya kwenda na kurudi ikiwa 200, na duka likifungwa kwa muda wa saa mbili, theluthi ya mapato imekwenda kabla hajahesabu hasara ya kufunga duka. Akifanya hivyo mara mbili kwa siku, hana sababu ya kuendelea. Na mteja aliyegeuzwa mara mbili hawaambii jirani kwamba wakala hana floti. Anawaambia huduma haifanyi kazi.

Dawa zilizotumika zilikuwa za kawaida na za kufuatilia kila siku. Mawakala walikuwa chini ya wakala mkuu mwenye maduka kadhaa, ili salio lililojaa duka moja lihamishiwe duka lililokaukiwa. Matawi ya benki yaliingizwa kama mahali pa kubadili noti kuwa salio. Idadi ya mawakala iliongezwa kwa kuangalia idadi ya wateja: mawakala wakiwa wengi mno kulinganisha na wateja, kila mmoja anapata miamala michache, anakosa hamu ya kuweka floti, na huduma inadorora hata kama vibanda ni vingi barabarani.

Kamisheni ya usajili nayo ilifikiriwa. Kwa kila mteja mpya kampuni ilimlipa wakala shilingi 80, lakini nusu ililipwa wakati wa kusajili na nusu baada ya mteja kuweka pesa kwa mara ya kwanza. Ukilipa kwa kichwa, utaletewa vichwa: majina elfu moja ambayo hayatafanya muamala hata mmoja. Nusu ile iliyocheleweshwa ilimfanya wakala amfundishe mteja hapohapo dukani.

Maamuzi yasiyorudi nyuma

Maamuzi si sawa kwa uzito, na sehemu kubwa ya busara ya kisa hiki iko katika kujua yapi yanabadilishika kesho na yapi hayabadilishiki. Idadi ya mawakala, matangazo, kiwango cha kamisheni: haya unaweza kuyasahihisha ukiwa njiani. Yakosee haraka, yarekebishe haraka. Fedha za wateja zinawekwa wapi: hapo kosa moja linaua kila kitu.

Kwa hiyo kila shilingi ya salio kwenye simu ililingana na shilingi halisi kwenye akaunti ya amana benki, chini ya kampuni tofauti iliyosimamia fedha hizo kwa niaba ya wateja. Safaricom haikuruhusiwa kuzikopesha wala kuzitumia. Kwa hoja hiyo, kwamba kampuni haichukui fedha za wateja na kuzikopesha, Benki Kuu ya Kenya ilitoa barua ya kutopinga kabla ya uzinduzi. Kulikuwa pia na mipaka: muamala usiozidi shilingi 35,000 na salio lisilozidi 50,000.

Thamani ya kazi hiyo ilionekana mwishoni mwa 2008. Malalamiko kutoka upande wa mabenki yalifika kwa John Michuki, aliyekuwa akikaimu uwaziri wa fedha, naye akaagiza ukaguzi. Januari 2009 Hazina na Benki Kuu zikatoa tamko kwamba huduma ni salama. Kama akaunti ya amana ingeanzishwa baada ya maswali kuulizwa, huenda biashara ingesimamishwa siku hiyohiyo.

Yaliyokwenda kombo

Mafanikio hayakufuta makosa ya muundo. La kwanza lilikuwa namba. Aliyekosea tarakimu moja alituma pesa kwa mgeni, na kwa kuwa muamala hukamilika papo hapo, mgeni mwenye haraka alizitoa kabla simu ya malalamiko haijapokelewa. Kasi ambayo watu waliipenda ndiyo iliyowaumiza. Njia ya kumwonyesha mtumaji jina la mpokeaji na kumpa sekunde chache za kusitisha, iliyoitwa Hakikisha, ilikuja mwaka 2015. Ilichelewa. Hatari hii ilionekana kwa kufikiri tu, bila utafiti wowote: mtu anaandika tarakimu kumi kwenye simu ndogo, juani, sokoni.

La pili lilikuwa ujumbe wa uthibitisho kuchelewa siku za mwisho wa mwezi, miamala inapofurika. Kwa kuwa imani yote ilikuwa imefungwa kwenye ujumbe huo, kuchelewa kwa dakika chache kulitosha kuzua ugomvi dukani. Na matapeli walijifunza mapema kughushi ujumbe wenyewe. Ukiweka uzito wote kwenye alama moja ya kuaminika, huo ndio mlango ambao mwizi atauchunguza kwanza.

Walioiga

Vodacom ilizindua M-Pesa Tanzania Aprili 2008, ikiwa na jina na mfumo uleule. Baada ya miezi 14 Tanzania ilikuwa na wateja wapatao 280,000. Kenya, baada ya miezi 14 yake, ilikuwa na takriban milioni 2.7.

Tofauti haikuwa kwenye programu. Safaricom ilikuwa na zaidi ya nusu ya soko la simu Kenya, kwa hiyo uwezekano wa ndugu yako kuwa mtandao uleule ulikuwa mkubwa. Vodacom iligawana soko na washindani wenye nguvu. Tanzania ni nchi kubwa zaidi, miji yake imetawanyika kutoka Mwanza hadi Mbeya, na njia ya wahamiaji haielekei mji mmoja kama inavyoelekea Nairobi. Kitambulisho cha taifa hakikuwa mikononi mwa watu wengi wakati huo, hivyo usajili ulikuwa na vikwazo vyake. Waendeshaji walilazimika kubadili mbinu za kuwapata mawakala na kupanga bei upya, na ukuaji ukaja. Kilichofuata Tanzania ni cha kwake kabisa: kwa sababu hakuna mtandao uliomeza soko, kutumiana pesa kati ya mitandao kulianza mwaka 2014 kwa Tigo, Airtel na Zantel, na Vodacom ikaingia 2016. Kenya ilifika hapo 2018. Udhaifu wa soko lililogawanyika ulizaa suluhisho ambalo soko la Kenya halikulihitaji mapema.

Afrika Kusini ni kisa cha upande mwingine. Vodacom ilianza huko 2010 pamoja na benki ya Nedbank, ikajaribu upya 2014, na ikafunga huduma mwaka 2016 ikiwa na watumiaji hai wapatao 76,000. Wengi walikuwa na akaunti za benki, na maduka makubwa ya chakula yalikuwa tayari yakituma pesa kaunta hadi kaunta. Shida ambayo ilikuwa wazi kwenye stendi za Nairobi haikuwepo Johannesburg kwa ukali uleule. Walichukua jibu bila kulichunguza upya swali.

Ukiwa na majaribio yako mkononi

Tuseme una duka la vifaa vya ujenzi na unajaribu mpango wa mafundi 30 kulipia saruji na mabati kidogo kidogo. Kabla ya siku ya kwanza, andika ukurasa mmoja: matumizi unayotarajia, idadi ya chini itakayokuridhisha, jambo litakalokufanya usimamishe, na tarehe ya kuamua. Lengo liandikwe juu ya njia: "watu waweze kujenga bila kuwa na pesa yote kwa mkupuo" linakuachia nafasi ya kugeuka, "mafundi walipe kwa awamu" halikuachii.

Kisha daftari lenye safu tano: tarehe, nani, kiasi, ulichotarajia afanye, alichofanya. Safu ya tano ndiyo utakayoisoma kila Jumamosi. Huenda ukaona kwamba wanaoweka pesa si mafundi, ni wenye nyumba, wanaoziacha dukani ili zisipitie mkononi mwa fundi. Huenda ukaona kwamba wanalipa mwezi mmoja kabla bei haijapanda na hawachukui mzigo. Hizo ni biashara mbili tofauti na ile uliyobuni. Ya kwanza inataka stakabadhi inayomfikia mwenye nyumba kwa simu. Ya pili inataka stoo, na inakuachia wewe hatari ya bei.

Kipimo tunachokipendekeza, kwa uzoefu wa kazi hizi na si kwa kanuni ya kitaalamu: matumizi yaleyale yasiyopangwa yakijitokeza kwa mtu mmoja kati ya watano, na watu hao hawajuani, wapigie simu wote. Wapigie pia walioacha. Usiwaulize kama wanaipenda huduma, kwa sababu watakujibu kwa adabu. Waulize mara ya mwisho walipohitaji kufanya jambo hilo walifanyaje, na liliwagharimu shilingi ngapi.

Tarehe ya kuamua ikifika, orodhesha kila kazi ya bidhaa yako na uulize ipi ikiondolewa mteja hatarudi. Zinazobaki huwa mbili au tatu. Halafu chora muamala mmoja mzima, kutoka pesa inapotoka hadi mzigo unapofika, na uangalie kama eneo la majaribio lilikuwa na ncha zote mbili. Kama lilikuwa na moja, usiamue bado: matokeo uliyonayo, mazuri au mabaya, ni ya kitu ambacho hukukusudia kukiuza.